Tupeane uzoefu: Kwenu mliwajengea nini majirani wasioonekana?

fundi_makuti

Wadau, habari za wakati huu.

Mimi ni fundi wa kuezeka, kusini Unguja. Riziki yangu naipata kwenye mabanda ya hoteli za ufukweni, yale yenye mapaa marefu ambayo mgeni akishuka tu garini anayapiga picha kabla ya kuuliza chumba chake. Ila ipo kazi moja ambayo sijawahi kulipwa hata senti, na hakuna aliyewahi kuniuliza bei yake: kibanda cha mzimu.

Kwa wasiojua, nje ya kijiji chetu kuna pango, na mdomoni mwa pango pana kibanda. Ukikiona utadhani watoto wamejenga wakicheza. Kimo chake kinamfika mtu kifuani. Nguzo nne, makombamoyo membamba, fito, kamba ya makumbi, juu makuti ya viungo. Ndani hamna kitu zaidi ya chetezo, vitambaa vyeupe na vyekundu, na chupa tupu za marashi. Paa la makuti likisukwa vizuri hukaa miaka, lakini pale chini ya miti jua halifiki na unyevu unalila upesi, kwa hiyo kila masika yakiisha lazima kuna upande umeoza.

Siku ya kazi anatangulia mvyale, yaani mwenye asili ya pale, aliyerithi kushika mambo ya mzimu. Kwetu sasa ni mwanamke. Anafukiza ubani, anawaambia wenyewe kwamba tumekuja, kutakuwa na kelele kidogo, watuvumilie. Basi, kazi inaanza. Sharti ni moja tu, kila nyumba ilete kitu. Mwenye minazi analeta makuti, mwenye shamba analeta fito, ajuza asiye na kitu analeta kamba aliyoisokota mwenyewe. Hata mie nikija na makuti ya kutosha paa zima, naambiwa niyaweke pembeni mpaka ya wenzangu yaishe.

Kuna kijana wetu aliyefanikiwa mjini, akajitolea bati na saruji ili kibanda kijengwe mara moja tupumzike. Mvyale akakataa. Alisema mvua ikinyesha bati linapiga kelele, wenyewe hawatalala. Watu walicheka, bati likaenda kuezekea choo cha skuli. Lakini kwa jicho la ufundi niliona jingine. Bati linahitaji fundi mmoja na kilo ya misumari. Yule ajuza angeleta nini?

Haya, zamu yenu. Kwenu mliwajengea nini, kwa vifaa gani, na nani alikuwa akishika kazi? Simulia ulichokiona, au ulichoambiwa na mtu wa nyumbani kwenu. Majina ya watu tuyaache.

Mpemba_wa_Chake

Mie naja na kinyume. Sie upande wa Pujini hatukuwajengea. Kilichopo pale kilijengwa zamani, na aliyekijenga watu walimwogopa kuliko hao majini wenyewe.

Magofu yale ni ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15. Bibi yangu akitusimulia kwamba alikuwa dhalimu hata wajenzi wake walibeba mawe kichwani huku wakijivuta kwa makalio, marufuku kusimama. Tulipokuwa wadogo tulijaribu uani kwa tofali moja. Hufiki mbali, suruali ishatoboka na mama anakusubiri.

Sasa, ndani ya ngome ile chini ya ardhi kuna chumba. Unashuka ngazi, chenyewe kidogo, na ukutani pamefinyangwa kwa chokaa umbo la siwa, lile baragumu la kifalme. Waliokuja kuchimba wakaona huenda kilikuwa mahali pa kukutana na majini. Bibi hakusoma kitabu chochote cha wachimbaji, na kauli yake ilikuwa hiyohiyo, kwamba Mkama Ndume alikuwa na wenziwe huko chini. Tena kisima cha pale alikitia ukuta katikati, ati ili wake zake wawili wasikutane wakichota maji. Mtu anayeweza kupatana na majini akashindwa kupatanisha wake wawili!

Kazi yetu sie ilikuwa kufagia. Kabla ya mtu kupeleka ubani na mayai, wanawake wa karibu walikwenda na fagio zao, majani yanaondoshwa, mizizi inayoingia kwenye ngazi inakatwa. Sijapata kumsikia mtu akiwaamrisha. Anaanza mmoja, wa pili akimwona kapita na fagio naye anatoka.

kiti_cha_mbele

Nimekaa, uzi mtamu. Swali la kizushi: Popobawa, lile jini la usiku, naye mlimjengea?

mzaliwa_wa_Ngambo

@kiti_cha_mbele mkuu, yule mwaka 1995 ndiye aliyetuhamisha sisi majumbani. Mtaa mzima nje, moto katikati, hakuna anayekubali kulala ukingoni. Kama ni ujenzi basi tulijenga vitanda vya kamba, kwa sababu vya ndani vilikuwa havitoki mlangoni. Chetu bado kipo, baba yangu analalia mchana akisikiliza redio. Tuendelee na mada.

Gede_damu

Mimi natokea Gede, kaunti ya Kilifi. Ule mji wa kale wa mawe ulio msituni ndio jirani yetu, na tangu 2024 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye uchimbaji ulioanza 1948 chini ya James Kirkman, na kitu alichokisimulia mpaka anaingia kaburini si dhahabu wala vyombo vya Kichina, ni vyungu.

Vyungu hivyo vilikuwa vimefukiwa pale watu wanapopita kuingia. Fingo. Yaani mwenye nyumba, kabla hajamaliza kujenga yake, anamjengea mwenzake chini ya sakafu. Chungu kinatiwa dawa, kinasomewa, jini anakaribishwa akae humo alinde mlango, na mtu akiingia kwa nia mbaya anarukwa na akili. Ukifikiria vizuri ni kama kuwa na mpangaji asiyelipa kodi lakini halali usiku.

Babu alisema wakifikia chungu cha namna hiyo vibarua wote walikumbuka kwa pamoja kwamba ni saa ya kunywa maji. Hakuna aliyesema anaogopa. Kila mtu alikuwa na kiu tu.

Kwa hiyo @fundi_makuti, kwetu jibu ni udongo wa mfinyanzi. Na bati halikuwa swali, maana nyumba yao iko chini ya yako.

Mama_wa_Ganze

Hamjambo nyote. Niongeze kwa @Gede_damu, kwamba fingo haikuwa ya nyumba tu. Sisi Wamijikenda, wazee walipoanzisha kaya, yaani miji yetu ya kale ya msituni, walizika fingo ya watu wote katikati ya msitu, na mji ukajengwa kuizunguka. Nyumba zenyewe zilikwisha zamani kwa sababu watu walihamia nje kwenye mashamba, lakini mahali ilipofukiwa panajulikana, na wanaopajua hawapasemi. Kaya hizo zimeandikwa UNESCO mwaka 2008, na mpaka leo ukitaka kuingia unafuata masharti ya wazee, si ya UNESCO.

Nilitaka hasa kusimulia kuhusu vigango. Kwetu Wagiriama anayejengewa si jini. Ni koma, mzee aliyetangulia. Kama alikuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, anasimamishiwa kigango, gogo la mti mgumu lililochongwa, refu kumpita mtu, lenye kichwa na michoro ya pembetatu. Asiye wa Gohu anapata kijiti kifupi. Mara nyingi haifanywi siku ya mazishi. Inapita miaka, halafu mtu wa boma anaanza kumwota marehemu analalamika kwamba ametupwa, analala nje, au watoto wanaugua mfululizo. Hapo ndipo watu wanaitana.

Nilikuwa msichana mdogo waliposimamisha cha babu yangu. Kuchonga ni kazi ya mchongaji, lakini chakula ni cha kila mtu, tembo la mnazi lazima liwepo, na ukoo wote unachanga. Mama zetu walisaga mahindi usiku kucha na kuimba. Shangazi yangu mmoja aliyekuwa amegombana na baba, hawasemezani, alikuja na kuku wake na akakaa jikoni upande wa pili bila kumsalimu. Baba naye akampelekea kiti bila kusema neno. Huo ndio ulikuwa mwisho wa ugomvi, hakuna kikao kilichokaliwa.

Kigango kikishasimama hakiondolewi. Mkihama, mnakiacha. Na hapo ndipo palipotuletea msiba, kwa sababu watu waliona vimeachwa wakadhani havina mwenyewe. Vijana waling'oa usiku, wakawauzia wafanyabiashara, vikaishia kwenye makusanyo ya Marekani vikiitwa sanaa. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30 Kenya. Cha babu yangu kiling'olewa na hatujui kiliko. Baba alisimamisha kingine kidogo mahali palepale, lakini alikuwa akisema hajui kama babu ameletewa nyumba mpya au ameongezewa chumba.

Diani_kwetu

Mimi ni Mdigo, nipo karibu na Kaya Kinondo. Sina mengi, tena @Mama_wa_Ganze amenimaliza. Kwetu kazi kubwa ni kutojenga. Msitu wenyewe ndiyo nyumba. Hukati, huokoti hata tawi lililoanguka, hutoki na jani, na ukiingia unajifunga shuka jeusi. Wageni wanaruhusiwa kwa kuongozwa. Ukisimama pembezoni mwa kaya ukaangalia huku na huku, upande mmoja miti iliyogoma kuzeeka, upande wa pili kuta za viwanja. Ukuta wa msitu hakuna aliyeujenga na ndio uliobaki.

Mja_mnyonge

Ndugu zangu, msinielewe vibaya, nasoma na nafurahi kujifunza. Lakini haki isemwe. Kuwafukizia majini na kuwaomba kitu ni shirki, na mimi siwezi kupita kimya. Majini wapo, Qur'ani imewataja na ina sura nzima kwa jina lao. Kuwapo kwao si sababu ya kuwajengea. Tuwaachie walipo na wao watuachie tulipo.

fundi_makuti

@Mja_mnyonge ahsante kwa kusema kwa adabu, najua wengine wangekuja na fimbo. Sikupingi na wala sitakujibu kwa aya, si fani yangu. Nikuambie tu hali ilivyo kijijini kwetu. Imamu wetu haji pangoni na hajawahi kuja. Siku hiyo husali, hurudi kwake, hufunga mlango. Mwanawe huleta fito. Baba anajua, mtoto anajua kwamba baba anajua. Wakati mwingine msikiti ulipovuja, waliopanda juu ya paa ni walewale wa kibandani, akiwemo mie, na sharti lilikuwa lilelile, kila nyumba ilete kitu.

Mpemba_wa_Chake

Bibi yangu aliyekuwa akifagia Pujini sikumbuki akikosa alfajiri. Sisemi hiyo ni hoja, ndivyo tulivyolelewa.

Mja_mnyonge

Nimewaelewa. Mimi nimefikisha. Endeleeni, na hilo la msikiti kuvuja mnijulishe, kamba naweza kuleta.

Mkae_wa_kusini

Hapo @fundi_makuti umenikaribia, mimi ni wa Makunduchi. Nyie mnajenga kidumu, sisi tunajenga tuchome!

Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya kila Julai, wanaokuja kupiga picha huwa wanakimbilia ule ugomvi wa vigogo vya migomba, vijana wa pande mbili za mji wanachapana na kutukanana mpaka machungu ya mwaka yaishe. Wanakiona kibanda cha makuti kwa sababu kinawaka moto, ila hawajui kazi yake. Kibanda kinajengwa chepesi, makuti makavu. Mzee anaingia ndani, moto unatiwa, anatoka mbio, na watu wanatazama moshi. Unakoelekea ndiko mwaka unakoelekea. Wanawake wakati huo wako kwenye nyimbo na mavazi yao mapya, na nyimbo zile siwezi kuziandika hapa kwa sababu mama yangu ana simu.

Lakini kabla ya siku hiyo, wazee wanakuwa wamekwishapita kwenye mizimu. Hilo halipigiwi ngoma. Wanapita kupeleka habari kwamba mwaka unaoga, wasishtuke na zogo. Kwa kweli mtu anayeona moto tu anakosa nusu ya jambo.

Mimi nilikuwa mtoto wa kubeba makuti. Tulikuwa tunashindana nani kuti lake litawaka kwanza, kila mtu anatia alama. Na tulikuwa hatuli kwetu siku hiyo. Nyumba isiyopata mgeni Mwaka Kogwa inaona vibaya, kwa hiyo sisi watoto tulikuwa tunazunguka kuwapa watu heshima ya kutulisha. Kazi ngumu sana hiyo.

zege_na_nondo

Wakuu, mimi ni fundi ujenzi Dar. Nyinyi mnasimulia ya vijijini, mimi nina ya saiti.

Tulikuwa na kazi ya jengo, kampuni siitaji, kiwanja kina mbuyu pembeni. Mchoro unasema mbuyu uondoke, pawe maegesho. Siku ya kwanza msumeno ukakata mnyororo. Siku ya pili mwendesha mtambo akaugua tumbo. Mhandisi anasema msumeno ulikuwa mbovu na yule bwana alikula samaki wa jana, na mimi binafsi nadhani mhandisi alikuwa sahihi. Lakini nenda kawaambie vibarua arobaini. Hakuna aliyegoma, ila kila aliyepangiwa upande ule alikuwa na msiba nyumbani.

Basi mafundi wenyewe tukachangishana. Kulikuwa na mzee wa Rufiji aliyejua taratibu, mwashi wa Iringa ambaye ni mkristo wa kwaya, na seremala wa Tanga aliyesema kwao Amboni watu wanapeleka sadaka kwa Mzimu wa Mabavu mapangoni, kwa hiyo hakuna jipya. Tulijenga kibanda kwa mabaki ya mbao za maboksi ya zege, na makuti yakaletwa na mama ntilie wetu. Mzee akasema maneno yake, akaweka asali, sukari na kitambaa. Yule wa kwaya akasali kivyake, macho wazi, mkono mmoja juu ya nyundo.

Kesho yake akaja msimamizi, mgeni wa nje, akakiona kibanda. Akadhani ni stoo. Akatusifu kwa ubunifu, akaagiza mifuko ya saruji iwekwe humo isinyeshewe, na akatuambia tuongeze upana. Tulitazamana. Mzee wa Rufiji akasema tumjengee stoo nyingine, kubwa, na hiki tumwambie kimejaa. Ndivyo ilivyokuwa mpaka tunakabidhi. Kila akiuliza, kimejaa.

Mbuyu? Walibadilisha mchoro. Maegesho yamepinda pale.

kiti_cha_mbele

"Kimejaa" 😂😂 na kweli kilikuwa kimejaa.

johari_za_Arusha

Nawasalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa vito, na kwa kazi yetu Thailand ni lazima, Bangkok na Chanthaburi, maana ndiko mawe mengi ya Afrika Mashariki yanakokatwa na kuuzwa. Hayo ya @zege_na_nondo kule ni utaratibu wa kawaida kabisa.

Kila jengo lina kijumba chake nje, juu ya nguzo, kimepambwa kama hekalu. Ni makazi ya wenye ardhi, wale waliokuwapo kabla ya wewe kununua kiwanja. Ukiwaondoa mahali pao kwa kujenga, unawapa pengine, na pengine hapo pawe pazuri. Kuna mtaalamu wa kuchagua sehemu na siku. Sharti walilonieleza ni kivuli. Nyumba yako isikitie kijumba kivuli. Nilimwona mwenye duka moja akisimama nje saa tofauti za siku akipima kivuli kwa fimbo kabla ya kuongeza ghorofa. Asubuhi wanapeleka maua, udi na soda nyekundu, Fanta yenye mrija kabisa, imefunguliwa.

Na ile habari ya ajali za ujenzi, wao wanayo maarufu katikati ya Bangkok. Miaka ya 1950 ilipokuwa ikijengwa hoteli ya Erawan, kazi ilikuwa haiendi, ajali juu ya ajali, na husimuliwa kwamba hata meli yenye marumaru yake ilipotea. Wakashauriwa, na mwaka 1956 wakaweka mahali pa ibada pa Brahma kwenye kona. Hoteli ile ya zamani ilikuja kubomolewa ikajengwa nyingine. Kona ile haikuguswa, na watu hawaishi kupita na maua.

Kijumba kikichakaa hawakichomi. Wanakipeleka chini ya mti mkubwa au hekaluni, unakuta vimejipanga chakavu, vingine bado vina vijisanamu ndani. Nilipoviona nilipita upande wa pili wa barabara, sitanii.

Bahla_Zinjibari

Ndugu zangu, nawasoma nikiwa Oman. Wazazi wangu walizaliwa Unguja, mimi nimekulia Bahla, na sisi tuna jambo la kuwachekesha. Kwenu watu wanawajengea majini. Kwetu, kwa masimulizi ya wazee, majini ndio waliowajengea watu.

Bahla ina ukuta wa udongo unaouzunguka mji na mitende yake, kama kilomita 12. Wazee wanasema ulijengwa usiku mmoja, na si kwa mikono ya binadamu. Ngome yake iliwekwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1987 ikiwa inaporomoka, na kazi ya kuitengeneza ilichukua miaka mingi kiasi kwamba nilianza skuli ikiwa imezungushiwa vyuma, nikamaliza bado ipo hivyohivyo. Mama yangu kila tukipita alikuwa na neno lake: "Wenzenu usiku mmoja, nyie mnataka bajeti."

Watu wa miji mingine hawapendi kulala kwetu. Dereva akikuleta jioni anageuza gari papo hapo. Ni faida, hoteli haijai na ndugu hawakai sana.

Lakini jambo moja linafanana na la @fundi_makuti. Ukuta wa udongo hauishi kutengenezwa. Mvua ikipiga, na mvua ya kule ni nadra ila ikija inakuja kwa hasira, vipande vinaanguka, na watu wa mtaa ulioangukiwa wanatoka na majembe. Udongo uleule, majani ya kuchanganya, maji ya falaji, ule mfereji wetu. Nawaza, kama majini wangejenga kwa mawe tusingekuwa tunaonana.

Kampala_Swahili

Mimi nitakuwa mfupi. Kasubi hapa Kampala wamelala Makabaka wanne, wafalme wa Buganda, si majini, lakini Waganda hawapaiti kaburi tu. Nyumba yenyewe ya nyasi ni ya 1882, na kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wengine hamgusi. Iliungua tarehe 16 Machi 2010. Nilikuwepo kwenye umati asubuhi iliyofuata, watu wazima wanalia barabarani. Wapo waliouliza kwa nini isijengwe kwa kitu kisichoungua. Jibu waliloambiwa na wenye kazi lilikuwa kutazamwa tu. Imejengwa upya, nyasi juu, na mwaka 2023 UNESCO wakaiondoa kwenye orodha ya hatari.

Gede_damu

Swali kwa @fundi_makuti. Hapa kwetu makuti yamekuwa ghali, minazi inakatwa kupisha viwanja, na ile inayobaki hoteli zinanunua makuti kwa oda. Huko kwenu hao wenye nyumba moja wanaoleta kuti lao wanalipata wapi? Maana hoteli hizo si ndizo zinazokulisha wewe?

fundi_makuti

@Gede_damu umenishika pabaya, na nilikuwa nasubiri nani ataliuliza. Ndiyo, mimi ni mmoja wa wanaoyamaliza. Banda moja la hoteli linameza maelfu ya makuti, na wanawake wa kijijini wanaoyasuka sasa hawawezi kubakisha hata la jikoni kwao, kwa sababu kila linalokauka lina mnunuzi. Kuna mwaka nyumba kadhaa zilileta fito tupu.

Tukaenda kumuuliza mvyale kama makuti yaliyobaki kwenye kazi za hoteli yanafaa, kwa kuwa yamenunuliwa kwa pesa za watu wa mbali. Akauliza yamesukwa na nani. Tukamwambia ni wanawake walewale wa hapa. Akasema basi yarudi kwao kwanza, kila mmoja achukue lake alilolisuka, halafu alilete kwa mkono wake. Tukaona ni mzunguko wa bure, lakini ndivyo tunavyofanya. Nikimaliza kazi ya hoteli mabaki nayashusha kwao, na siku ya kibanda yanakuja vichwani mwao.

Kwa walio kusini na wanaoweza kufika, mwaka huu tunaanza baada ya masika, siku nitaiweka hapa mvyale akishaisema. Makuti yapo. Kamba ya makumbi ndiyo pungufu, hasa ile nyembamba ya kufungia fito. @Mja_mnyonge, yako tutaipeleka msikitini, usijali. Paa la kibla limeanza kuvuja tena.

Mja_mnyonge

Ijumaa nipo. Nije na panga pia?

fundi_makuti

Njoo nalo. Na ngazi kama unayo, ile ya msikiti ina vipago viwili vimekufa.